Barua Nyuma ya Picha

Juzi, kwenye kibanda cha vitabu kuukuu katikati ya jiji, nilikuta barua ya waziri wa zamani imetiwa fremu, inauzwa. "Madam, hiyo ni original. Cheki hata sahihi," muuzaji akaniambia. Kabla sijaisoma, niligeuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Nichekeni tu, lakini mimi nililelewa mtaa wa Woodley, kwa babu yangu.

Wazee wenzake walicheza karata. Yeye aliwaandikia wakubwa. Pole kwa msiba, hongera kwa cheo. Wengine walimjibu. Jibu likifika, alilamba kidole na kuigusa sahihi pembeni. Wino ukichafuka, alifurahi siku nzima. Usipochafuka, alisema, "Huu ni muhuri, huyu hanijui," na barua ikaenda kuwashia jiko. Nyanya alimwonya, "Unatafuta kujulikana na wakubwa? Haya, siku moja watakujua."

Kiongozi mmoja alimjibu kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili. Babu aliipenda barua ile kuliko zote. Kisha kiongozi huyo akakosana na serikali, akatiwa kizuizini, na jina lake likawa halitajwi hata sebuleni. Jirani yetu, mwalimu, alichukuliwa na polisi kwa sababu ya kijikaratasi tu cha siasa, na mkewe akawa anamwekea chakula kila jioni. Mimi nikawa narudisha tonge sahanini nikisikia mlango wa gari ukifungwa nje.

Jumapili moja baada ya kanisa, nyanya akipika chapati, mlango wa gari ulifungwa nje kwetu. Askari kanzu wawili. Nyanya aliwaona dirishani. Akachomoa ile barua kwenye Biblia ya babu, akaisukuma nyuma ya picha ya rais ukutani, akarudi kugeuza chapati yake.

Walipekua kila kitu, hata unga. Barua zingine zote wakazitia kwenye gunia. Halafu mkubwa wao akasimama mbele ya picha.

"Mama, mbona mzee amelala upande?"

Nilijikojolea. Babu alishika kiti kwa mikono miwili.

"Ni huo msumari, afande," nyanya akajibu. "Sisi tunaogopa kumgusa."

Yule mtu akainyoosha picha kwa ncha za vidole, akaipangusa vumbi, wakaenda zao. Chapati ilikuwa imeungua. Tuliila hivyo hivyo, na babu hakumwandikia mtu tena.

Hatukuigusa picha hadi rais mwingine alipoingia. Nyanya alipoiteremsha, unyevu wa ukuta ulikuwa umeigandisha barua kwenye mgongo wa rais. Kuibandua ni kuirarua. Babu alilamba kidole, akaitafuta sahihi, akakuta imegeukia ndani. "Waacheni hivyo hivyo," akasema.

Wote wawili wametangulia, na ile nyumba imebomolewa. Nawakumbuka mno. Picha ninayo hapa kwangu, mtaa wa Jamhuri, sebuleni. Wageni huniuliza kwa nini bado namtundika yule mzee. Huwa nawaongezea chai. Mlango wa gari ukifungwa nje, naenda kuhakikisha hajalala upande.