Vifaranga wa Mama Hawakutosha, na Hesabu Ilikuwa Yangu

Marafiki, leo nimejificha jikoni huku mama akiaibika kwa kosa langu.

Mama aliahidi kila mwanamke wa kikundi chao hapa Matisi kifaranga mmoja. Wako ishirini. Akawalalisha kuku watatu juu ya mayai thelathini, mengine yetu, mengine ya kununua Mabanga na Cheptais, akaniuliza, "Wewe wa hesabu, haya yatatosha?"

Mayai yetu na yale ya Mabanga kwa kawaida hutoa vifaranga tisa kwa kila mayai kumi. Ya Cheptais hutikisika njiani, hutoa watatu tu. Mimi nikajumlisha tisa, tisa na tatu, nikagawa kwa tatu. Saba kwa kumi!

"Utapata ishirini na mmoja, mama. Mmoja hata atabaki."

Akawatangazia.

Leo wamekuja na katoni zao, wakiimba.

Vifaranga? Kumi na watano.

Hapo ndipo nikakumbuka: mayai ishirini yalitoka Cheptais! Yetu na ya Mabanga yalikuwa matano matano tu. Si ningehesabu kila fungu peke yake kwanza, bana?

Mama Nekesa akainua katoni yake tupu. "Ati huyu msichana wako si ndiye profesa?"

Mimi nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mwacheni mtoto," mama akasema. "Ni mimi nilihesabu vibaya."

Hajaniuliza neno mpaka sasa. Anaosha vikombe vyao tu.

Kesho kanisani tunakaa benchi moja na wale watano waliokosa. Nisimame niwaambie, ama? Nijibuni, lakini msicheke sana.