Mama Mpunga Mbichi

Kijiji chetu cha Katindiuka kizima wanajua kwamba bibi yangu Domitila aliwahi kuziba ghala la mbegu likiwa na mpunga mbichi. Mama Mpunga Mbichi, wanamwita, halafu wanacheka. Kwa watu wanaoishi kwa mpunga, hilo si jina la kumpa mtu mzima. Hata mimi nilicheka nao, kwa upumbavu wangu, mpaka siku aliponieleza mwenyewe.

Wakati huo vita vya Maji Maji vilikuwa vimewapitia mwaka mmoja tu kabla. Askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walichoma mashamba na maghala, watu wakala mizizi ya mayungiyungi. Kilichobaki kijijini ni mbegu tu, nayo iliwekwa kwenye ghala moja la wote. Bibi ndiye aliyekabidhiwa kuukandika mdomo wa ghala hilo kwa udongo wa kichuguu. Mlinzi alikuwa kaka yake, Kelestini, aliyelemazwa mguu na risasi. Majina haya ya ubatizo waliyapata baadaye; mimi sijui mengine.

Ikatokea karibu kijiji kizima kilikwenda kuzika kijiji cha pili, Lipangalala, Kelestini naye akaenda. Siku mbili baadaye punje zilionekana chini ya ghala. Jumbe akaamuru mdomo uvunjwe kwa jembe, na mbegu ikakutwa imepungua sana.

"Keshokutwa askari wanapita kwenda Mahenge," jumbe alisema, Kelestini akiwa ameshafungwa kamba. "Mwizi asipopatikana, nitawapa mlinzi."

Aliyepelekwa bomani kwa kamba hakurudi. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

"Tutamtafuta huyo mwizi," alisema babu yangu Dionisi, fundi wa mitumbwi. Bibi alimpenda babu, na hakuona haya kulisema hata uzeeni. Walizunguka pamoja kutwa, wakauliza nyumba kwa nyumba, wakakagua vichochoro na kivuko. Babu alikuwa hodari wa kuona nyayo, ila kila alipoziona alisema zinaelekea Mkula, mbali na mto. Bibi alimwamini.

Kesho yake asubuhi bibi alirudi ghalani peke yake, akaokota vipande vya udongo vilivyovunjwa. Mwanamke wa kwetu hukandika kwa kiganja, anavuta kutoka chini kwenda juu. Kipande kimoja kilikuwa na alama za kidole gumba, moja kando ya nyingine, zimebonyezwa kwa subira. Hivyo ndivyo fundi anavyoziba ufa wa mtumbwi. Na siku ya mazishi mumewe alibaki nyumbani, akisema mtumbwi unavuja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," bibi aliniambia. "Lakini nguo ile nilikuwa naipenda."

Alimkuta babu akichonga kasia, akamwekea kile kipande mapajani.

"Mbegu iko wapi?"

Babu aliliweka kasia chini. "Ng'ambo, kwenye matete. Kwa dada yangu Aurelia na wenzake. Wamejificha askari tangu vita, wanaogopa kutoka, mke wangu. Walishaanza kuzika watoto."

"Wameila?"

"Kidogo. Nyingine wameipanda."

"Na kaka yangu, Dionisi? Ulikuwa unanizungusha huku unamwona amefungwa?"

"Kesho nitajitaja mwenyewe. Nilikuwa natafuta moyo wa kukuaga."

Bibi alimpiga kofi, kisha akalia, kisha akampiga la pili. Baadaye alivikusanya vipande vyote, akaviloweka kwenye chungu mpaka vikawa tope, akaenda kuukandika upya mdomo wa ghala kwa kiganja chake.

Askari walipofika, jumbe aliwatoa watu wote nje. Bibi akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, jumbe. Hakuna mwizi. Niliziba mpunga ukiwa mbichi, ukanywea. Kosa ni langu."

Wanawake waliguna. Jumbe alitoboa lile tope bichi, akatoa punje moja, akaitafuna. Ilikuwa kavu, ikalia kati ya meno yake, si punje ya mpunga uliozibwa mbichi. Alimtazama bibi, akamtazama Kelestini kwenye kamba. Nyuma yao babu akafumbua mdomo.

"Wewe, kaniletee maji ya kunawa," bibi alimwambia bila kugeuka. Babu akaenda.

"Mpunga mbichi," jumbe alisema mwishowe. "Mwanamke mzima! Mfungueni huyo."

Bibi alinyang'anywa kazi ya ghala na fungu lake la mbegu. Mwaka ule hakupanda kitu. Babu alimlisha kwa samaki, na hadi anakufa, kila walipoziba ghala lao wenyewe, alisimama kando yake akikandika kwa kiganja, vibaya vibaya, kutoka chini kwenda juu.

Watu wa matete walitoka baada ya mavuno, na mpunga wao vichwani. Wajukuu wao ndio majirani zangu, na ndio wanaocheka kuliko wote. Bibi alinikataza kuwaambia. Alisema mtu asilishwe masimango. Nimevumilia kicheko chao miaka mingi. Leo nimewaambia.