Jino la Bibi Vifaranga

Wimbo wa Bibi Vifaranga kila mtoto anaujua: bibi anahesabu vifaranga wake, na kila siku mmoja anampotea. Basi. Hausemi kama ni mzuri au mbaya. Nundu na chunusi za puani amebandikwa na wachoraji wa vitabu, kila mmoja akimwiga mwenzake bila haya.

Mchoraji wetu alipopewa kazi hiyo aliapa hamwigi mtu. Akachora bibi mnene, mpole, kitambaa kichwani. Mhariri akautazama mchoro, akaguna. "Huyu anakwenda harusini. Watoto watacheka nini?"

Mchoraji akarudi nyumbani amenuna. Shangazi yake, aliyemlea tangu akinyonya, alikuwa mezani anachambua mchele, anaichekea redio. Jino lake moja la mbele lilitokeza juu ya mdomo wa chini, ndivyo alivyozaliwa. Mchoraji akachukua penseli. Kesho yake mhariri alicheka mpaka akavua miwani.

Kitabu kikatoka, kikaingia mashuleni. Nakala yake mchoraji akaificha chini ya godoro, shangazi asije akaiona. Ajabu ya mtu huyu! Kana kwamba kilichapwa kimoja tu. Watoto wa mtaani wakaanza kumwimbia shangazi kila akienda dukani, wakibinua midomo na kutoa meno nje. Siku moja mchoraji aliwakuta wamemzunguka. Unadhani aliwafukuza? Wapi! Alivuka barabara, akashika njia yake, mwanamume mzima na ndevu zake.

Jumamosi shangazi akarudi mchana, mtandio umeziba mdomo. Akakaa, akaushusha. Palipokuwa na jino palikuwa na pamba yenye damu.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimeling'oa, baba," alisema kwa taabu. "Watoto hao sijui wamepatwa na nini, lakini wao hawaniumizi kichwa. Nilikuona wewe siku ile ukivuka barabara. Nikasema, kumbe miaka yote namtia aibu mwanangu, na yeye ananistahi tu, hasemi."

Mchoraji aliona aibu hata ya kumtazama usoni. Ukweli ulikuwa pale pale chini ya godoro, hatua nne tu. Shangazi alikuwa anamsubiri aseme neno, macho yamemtoka kama mtoto aliyeshonewa nguo mpya.

"Umependeza, shangazi," akasema.