Wifi Alipokwenda Kuniombea

Nilirudi kazini mwezi wa Julai, mtoto akiwa na miezi minne, nikakuta wifi yangu ameufua mto wangu. Ni mto niliojishonea mwenyewe kwa mabaki ya mashati ya shule, nikauweka juu ya kiti cha chuma mbele ya cherehani ya kola. Karakana yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, Doornfontein, mtaa wa viwanda kusini kabisa mwa Afrika. Tulishona sare za shule, na kila mtu alikuwa na kipande chake: huyu mikono, yule vifungo, mimi kola. Miaka mitatu nilishona kola tu. Sijisifu, lakini shati halikuwahi kurudishwa kwa sababu yangu.

Sisi wanawake wa kutoka Tanga na Dar tulikuwa na utaratibu wetu pale. Ukienda kujifungua unaleta mtu wako akushikie kiti, na ukirudi anainuka. Mimi nilimleta wifi, mdogo wake mume wangu, nikamfundisha kola wiki tatu huku tumbo likigonga meza. Niliporudi aliinuka siku hiyo hiyo bila kununa, akahamia kwenye pasi kama kibarua. Nayasema haya mapema kwa sababu wako watu waliokuja kuniambia kwamba yule msichana alinipora. Hakunipora. Laiti angenipora.

Shida yangu ilikuwa saa. Kuingia kazini ni saa moja asubuhi, kutoka saa kumi na moja jioni, na sisi tulipanga chumba mtaa wa La Rochelle. Nilitoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, bado giza, baridi inakata masikio, namwacha mtoto kwa jirani, mama mmoja wa Bukavu aliyelea watoto wa ua wetu. Nikirudi ni giza tena. Mtoto alikataa chupa. Jirani alijaribu kijiko, akajaribu kikombe, akajaribu kumwimbia.

"Mama, mutoto hapana kunywa," aliniambia kila jioni. "Eko ananiangalia tu, kisha analia."

Huko kazini maziwa yalinijaa hadi yakalowesha kanga niliyojifunga ndani ya overoli. Niliyakamua chooni, kwenye sinki, nikiwa nimefungulia bomba ili wenzangu wasisikie, utadhani kukamua kuna kelele. Nilikuwa nikiyatazama yanavyokwenda na maji huku najua kuna mtu ananililia upande wa pili wa mji. Wiki ya pili, kliniki, nesi alitia nukta kwenye kadi ya mtoto, chini ya nukta ya mwezi uliopita. Akasema mtoto anapungua, nitafute namna ya kumnyonyesha mchana, na nisingoje, kwa sababu ziwa lisiponyonywa hukauka. Nilimwambia nimesikia.

Basi wiki zikapita, maziwa yakianza kupungua, ndipo nikapata wazo. Niingie saa tatu, nitoke saa tisa, bila mapumziko ya chakula, na kola ziwe idadi ile ile. Niliweza. Mikono yangu ilikuwa na kasi hiyo na kila mtu pale alilijua hilo. Ningemnyonyesha asubuhi kukiwa kumekucha, na mchana ningerudi kabla hajachoka kulia.

Kilichobaki ni kumwambia tajiri, na hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu jambo zito huliombi mwenyewe. Mke unatumiwa mshenga, radhi unaombewa na mtu mzima, hata ukitaka kuhama kwa baba mkwe kuna wa kukusemea. Ombi likipelekwa na mwingine lina heshima, na mwenye kukataa hapati tabu ya kukukatalia usoni. Nililelewa hivyo na sikuona ubaya wake. Tena Kiingereza changu kilitosha kusema uzi umekatika, basi.

"Mtume wifi yako," mume wangu alisema. "Ndiye mwenye mdomo."

Wifi alikuwa amesuka watu nywele mtaa wa Yeoville mwaka mzima, akizungumza na kila taifa. Nilimpanga maneno tukiwa tunaosha vyombo: saa tatu hadi saa tisa, kola zile zile, ni mpaka mtoto aanze uji.

"Sharp, wifi," akasema. "Niachie mimi."

Ofisi ya tajiri ilikuwa na kioo, na mimi nilikaa kwenye mto wangu nikiona kila kitu bila kusikia. Wifi alisimama na mikono nyuma, kwa adabu. Alisema kwa kirefu. Tajiri aliinua kichwa akanitazama kupitia kioo, mara moja tu, na mimi nikainama kidogo kama mtu anayeletewa posa. Kisha akamuuliza wifi kitu. Wifi akaitikia kwa kichwa.

Aliniambia yote jioni ile, kwenye kituo cha teksi, ndizo daladala za kule, huku akilia. Tajiri alisema, kama kweli naitaka kazi mbona siji mwenyewe, nimekaa pale namtazama? Mtu anayetuma mtu, alisema, huyo ameshaondoka. Akamuuliza wifi kama yeye anaweza kuingia saa moja. Wifi akasema anaweza.

"Nilikuombea, wifi. Wallahi nilikuombea vizuri. Kaniuliza hilo swali, ningesemaje? Eish, ningesema siwezi, na saa moja nipo pale?"

Namwamini. Nilimwamini hata siku ile, na bado nilimchukia, nikakaa kwenye teksi nimempa kisogo mpaka La Rochelle.

Kesho yake niliingia ofisini kwa miguu yangu mwenyewe. Kwa Kiingereza changu cha uzi na sindano nikasema naingia saa moja, natoka saa atakayotaka yeye, ayafute yale ya jana. Alinisikiliza. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema ameshapanga watu wake, niache namba ya simu, msimu ukichanganya ataniita. Niliacha namba. Mto niliuacha kwenye kiti kwa sababu wifi alikuwa ameukalia.

Nilifika nyumbani saa nne asubuhi. Jirani alishangaa kuniona mchana, akanipa mtoto. Nilikaa kitandani nikamweka ziwani, kukiwa na mwanga, hakuna anayenisubiri popote. Alivuta, akaachia, akanitazama. Nikamhamishia upande wa pili. Akavuta tena, akaanza kulia. Nilijaribu siku nne, nikanywa uji wa pilipili manga, nikakandwa kwa maji ya moto na mama wa Bukavu. Hakukuwa na kitu. Yalikuwa yameishia kwenye lile sinki.

Siku ya tano njaa ilimshinda mtoto, akaikubali chupa.

Mwisho wa mwezi wifi alikuja chumbani kwetu na kopo kubwa la maziwa ya unga. Aliliweka mezani, hakukaa. Nikamwambia ahsante, wifi. Nikawasha jiko nikachemsha maji.