Gobore la Mskoti

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Bukoto. Duka liko mbele, vyumba viwili nyuma, na katikati kuna geti la chuma ambalo miezi ile nilikuwa nalifunga kwa kufuli kila nikitoka, kwa sababu Baba alikuwa ndani. Kiharusi kilimshika upande wa kulia. Hospitali ya Mulago walipomruhusu walisema mkono upewe kazi, lakini mzee asitembee peke yake. Hakusikia. Akatoka siku moja, akaanguka barabarani katikati ya bodaboda. Tangu siku hiyo nikawa askari jela wa baba yangu mzazi, na sikuipenda kazi hiyo hata kidogo.

Yeye mwenyewe maisha yake yote alikuwa fundi wa silaha wa polisi. Sisi tumezaliwa kambini, Kiswahili chetu ni cha kambini, na harufu ya mafuta ya bunduki ndiyo harufu ya Baba.

Sasa, nilikuwa na mteja mmoja, mwalimu Mskoti anayekaa mtaa wa Kansanga, ambaye nilimshonea ile sketi ya pleti wanayovaa wanaume wa kwao kwenye sherehe. Akaniletea picha za bastola ya zamani ya huko: gobore dogo la kujazwa baruti kwa mdomoni, chuma tupu, mbao hakuna, kitako kimepinda kama pembe za kondoo dume, na triga ni kidonge cha mviringo tu. Alitaka mfano wake, wa kuning'iniza kwenye mkanda. Alisisitiza isiweze kupiga. Mtutu uwe chuma kizima, pale mdomoni pachimbwe kidogo paonekane kama tundu.

Nikampelekea Baba zile picha.

"Mwanaume anavaa sketi, halafu anajifunga bastola," akasema. "Hawa watu wana mambo." Lakini jioni ileile alikuwa ameshaniagiza tupa tatu na jiliwa la kubania chuma.

Alifanya kazi wiki nyingi. Mkono uliokuwa hauwezi kushika kijiko ukaanza kuchonga zile pembe, mstari kwa mstari. Nikirudi namkuta vumbi la chuma mpaka kwenye nyusi, anaimba. Nilifurahi kama mjinga.

Siku moja nikawa navipaka mafuta vipande vya bastola ambavyo bado havijaunganishwa. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaifunga kitambaa nchani, nikaiingiza mdomoni mwa mtutu nikijua itagota papo hapo. Ikaenda. Ikaenda tu, mpaka ikatokea upande wa pili.

Hapa lazima nieleze. Zamani, magobore ya kutengenezwa mitaani yakifika mahakamani, aliyeitwa kutoa ushahidi ni Baba. Alikuwa anatoa waya mfukoni, anausukuma kwenye mtutu mbele ya hakimu. Ukitokea upande wa pili, hiyo ni silaha, na mwenye kuitengeneza anakwenda ndani. Tulipokuwa wadogo alituonyesha nyumbani kwa kalamu na bomba la maji, anavyofanya.

"Baba, hii ni nini?"

"Mtutu."

"Tulikubaliana nini?"

"Mwanangu, mtutu usio na tundu ni nondo."

Nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nikamuuliza kama anataka kufia gerezani, pamoja na watu aliowapeleka yeye kwa waya wake. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na woga, na sikuwa na pa kukipeleka kile chuma. Jalalani kitaokotwa. Kansanga hakifiki, kila geti lina mlinzi na kidude cha kupima vyuma. Kumwita fundi wa kuchomelea ni kumpata shahidi. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba, nimekikumbatia kwenye kanga kama kichanga.

"Tazama ndani kwanza," akasema Baba, "halafu uendelee kunitukana."

Nikauelekeza mtutu dirishani nikatazama. Sijui bunduki, lakini najua mstari ulionyooka, ndiyo kazi yangu. Tundu lilikuwa limenyooka kabisa. Alikuwa amelitoboa kwa keekee ya mkono, kidogo kidogo, nikiwa dukani.

"Nilitaka kujua kama mkono bado ni wangu," akasema.

"Ni wako, Baba. Lizibe."

Hakubishana. Akakata nondo, akaitia tupa mpaka ikatosha, akaipaka gundi ya chuma, akaipigilia kwa nyundo hadi mwisho. Alipomaliza akaninyooshea spoku nipime mwenyewe. Iligota kabla haijazama hata urefu wa kucha.

Nikampigia Mskoti aje aichukue mwenyewe. Akaja, akaigeuza, akasifu zile pembe, akamshika Baba mkono kwa heshima. Akauliza kwa utani kama kweli haiwezi kupiga.

"Haiwezi," Baba akasema, akatazama ukuta.

Baada ya wiki mbili simu ikalia. Mskoti alikuwa amesoma kwamba zamani zile bastola zilitengenezwa mbilimbili, akaomba atengenezewe ya pili. Nikaweka mkono kwenye simu, nikamweleza Baba, nikifurahi kwamba mkono utapata kazi tena. Alikuwa amekaa mbele yangu anamenya matooke, kisu kinatulia vizuri kabisa kwenye vidole vya kulia.

"Mwambie fundi amekufa," akasema. "Aliyeziba mtutu wake mwenyewe si fundi."

Nikangoja acheke. Hakucheka, akachukua ndizi nyingine. Nikaondoa mkono kwenye simu, nikamwambia Mskoti pole, fundi ametutoka.