Maharage ya Mama Mkwe

Mjukuu wangu anafanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi ya kuuza na kununua hisa. Alipokuja likizo alinieleza kwamba huko kwenye masoko ya dunia kuna watu wanaazima hisa za wenzao, wanaziuza bei ikiwa juu, halafu wanangoja ishuke wanunue nyingine kwa rahisi, wamrudishie mwenyewe. Kinachobaki ni chao. Nikamuuliza, na bei isiposhuka? Akasema hapo ndipo wanapobanwa: wote walioazima wanakimbilia kununua kwa pamoja, na kadiri wanavyokimbilia ndivyo bei inavyozidi kupanda, mpaka mtu anauza nyumba. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza bikizee habari za mwezini. Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia kwamba babu yake alifanya biashara hiyo hapa hapa Ngara, na wala hakuwa na ofisi.

Babu yake, yaani mume wangu, alikuwa balozi wa nyumba kumi, enzi zile za vijiji vya ujamaa. Hakuna mtu aliyewachukia walanguzi kama yeye. Mkutanoni aliwasema mpaka mate yanaruka, na sisi tunapiga makofi. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa ameona kwamba kila mwaka, karibu na kupanda, maharage yanaadimika na bei inapaa, na yakishavunwa bei inaanguka. Basi akajiuliza kwa nini mtu asubiri kuwa na maharage ndipo auze maharage.

Mwenye maharage alikuwa mama yangu, aliyekaa Mbuba, mteremko mmoja na mlima mmoja kutoka kwetu. Alikuwa amejaza kihenge kwa ajili ya harusi ya kaka yangu, iliyopangwa baada ya mavuno. Mume wangu akanituma nikamwombee magunia manne, ati ya mbegu, atarudisha akivuna. Kunituma mimi haukuwa uvivu. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, yeye anachepuka majanini mpaka mama apite, na neno lolote kati yao linapitia kwa mke. Mume wangu aliona ni utaratibu mzuri sana, kwa sababu mtu usiyeonana naye hawezi kukusumbua. Hakuwaza kwamba mtu usiyeonana naye huwezi pia kumwomba akuongezee muda.

Mama alikubali, mkwe hanyimwi. Ila aliweka sharti: yarudi yale yale, mekundu yenye madoa meupe, kwa kuwa ukichanganya aina mbili kwenye chungu kimoja, moja inaiva na nyingine bado, na yeye hatalisha wageni changarawe. Na yarudi kabla ya harusi.

Hayakufika shambani hata punje. Mume wangu aliyapeleka soko la Ngara kwa baiskeli, akamkabidhi mtu amuuzie, maana balozi hawezi kuonekana akilangua. Akarudi na redio na kitenge changu, akinieleza akili yake huku anacheka. Kitenge nilikipokea, nisiseme uongo. Naye hakuweza kuinyamazia akili yake. Aliwanong'oneza wenzake wa nyumba kumi, na muda si mrefu nusu ya wanaume wa kijiji walikuwa wameazima maharage ukweni kwao na kuyauza. Wote wakakaa wakingoja bei ianguke.

Badala ya bei, likaanguka jambo jingine. Redio ile ile mpya ndiyo iliyotutangazia kwamba nduli amevuka mpaka na vita vimeanza. Malori yakachukuliwa kwenda mbele, askari wakawa wanapita, na kila kijiji kikaambiwa kichangie chakula. Na nani wa kukusanya? Balozi. Nakumbuka alivyosimama mkutanoni akasema hakuna wa kuficha hata kikombe kimoja, vijana wetu wanapigana. Alisema kwa moyo wake wote, hilo simnyimi, na watu walitoa kwa moyo wao wote. Alipita nyumba hadi nyumba na magunia, akiyaondoa kijijini maharage ambayo yeye mwenyewe alipaswa kuyanunua. Jioni alirudi amechoka, akakaa, akaanza kupiga hesabu, kisha akainuka akaizima redio.

Mavuno yakaja, yakaenda na malori. Kilichobaki, wanaume wetu walikigombania, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ukwe wake unaomngoja. Walipandishiana bei wao kwa wao, kila mmoja akimlaani mwenzake kwa ulanguzi. Mama akaniuliza mara moja tu kama maharage yako njiani. Nikamwambia mume wangu amwombe muda. Akaniambia niende mimi. Nikakataa. Neno la kuazima nililibeba, lakini hili la kuvunja ahadi ya harusi ya ndugu yangu lilikuwa lake.

Kisha tukasikia kwamba shangazi yangu, aliyekuwa akikaa Ngara mjini, ana maharage mekundu ya madoa. Mume wangu akaenda. Shangazi hakutaka pesa. Atanunua nini nazo, na dukani hakuna sabuni wala chumvi? Alitaka ng'ombe.

Ng'ombe tulikuwa naye mmoja, na alikuwa wangu. Mama alinipa nilipojifungua mtoto wa kwanza, ili mtoto asikose maziwa. Mume wangu alimswaga siku niliyokuwa kwenye shamba la kijiji. Nilirudi nikakuta kamba. Mtoto alikuwa analia, nami nikalia naye, na mpaka leo nikiikumbuka kamba ile hasira inanipanda.

Maharage yakaenda kwa mama, nami nikaenda kumsaidia kuyachambua. Nilipotia mkono guniani nikapiga chafya. Mama yangu alikuwa na desturi yake: maharage ya kuhifadhi aliyachanganya na majivu na pilipili kavu iliyopondwa, ili yasitobolewe na wadudu. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Nikamtazama. Halafu nikasikia ng'ombe analia nyuma ya nyumba, na sauti ya ng'ombe wangu naijua.

Mama hakuficha. Kihenge kilipobaki kitupu alikosa usingizi, akampa shangazi pesa amnunulie maharage mekundu popote atakapoyaona, naye akayaona sokoni Ngara, kwa mtu wa mume wangu. Michango ilipoanza, akayaacha huko huko mjini yasije yakachukuliwa. Kwa hiyo maharage yalikuwa yametoka kwake, yakarudi kwake, yakatoka tena, yakarudi tena. Aliyehama ni ng'ombe peke yake.

Nikamwambia, "Mama, huyu ng'ombe ulinipa wewe."

"Nilikupa. Mumeo kamuuza."

"Na mtoto atakunywa nini?"

"Maziwa uje uchukue kila siku. Ng'ombe, aje aniombe mwenyewe."

Aje amwombe mwenyewe! Alijua haiwezekani, na mimi nilijua. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mume wangu, na maziwa nilikwenda kuyachukua, nikishuka mteremko na kupanda mlima, mpaka mtoto akaacha kunywa. Harusini wageni waliyasifu sana maharage. Yaliiva yote kwa pamoja.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mama alifariki miaka mingi baadaye, ng'ombe yule ameshakufa na ndama wake wamejaa kwa kaka yangu. Kabla ya maziko mume wangu aliruhusiwa kuingia kumuaga, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mama usoni. Alipiga magoti karibu nami. Alimtazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu zote:

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuhusu yule ng'ombe."

Nilikuwa nalia, nikashikwa na kicheko kisichozuilika. Wanawake wakanibeba kunitoa nje, wakisema maskini, uchungu umemzidi.