Mafuta ya Nazi kwenye Rimu

Nilibana breki na baiskeli haikuitika. Nikabana tena, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, nikahisi raba zinateleza kwenye rimu kama kidole kwenye samli. Chini ya mteremko, kwenye njia ya kuingilia skuli, watoto walikuwa wamepangwa mistari miwili wakingoja kuimba, na baiskeli ilikuwa inakwenda kuwagonga. Nyuma yangu nikamsikia Bi Time, mhudumu wa afya wa kijiji, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi:

“Fundi, na yangu haishiki.”

Kulia kwangu palikuwa na lundo la mawe ya kujengea. Nikalielekea.

Mkono wangu wa kulia uliingia baina ya usukani na mawe. Vidole vitatu havijakunjika tangu siku hiyo. Bi Time alijitupa kwenye matuta ya muhogo akapoteza jino. Watoto hawakuguswa, hata mmoja, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapotia udhu. Lakini wiki iliyofuata ikaandikwa ripoti kwamba fundi hakukaza breki. Fundi mwenyewe ni mie. Aliyeandika ni Mkuu wa Kituo chetu cha afya, Bwana Sefu. Aliyetia saini kuwa shahidi ni karani wa stoo, Bwana Mbwana. Nawataja kwa sababu wao walianza kunitaja.

Maneno matatu yale yaliniuma kuliko mawe, na kijana anayesoma hapa hatajua kwa nini mpaka ajue nilivyofundishwa kazi.

Skuli niliishia darasa la nne. Baba alinipeleka Konde kwa Mzee Kombo, aliyekuwa na banda la baiskeli nyuma ya soko. Siku ya kwanza nilivaa shati la Idi, na Mzee Kombo alilitazama shati kwanza, mimi baadaye.

“Huyu anaweza nini?” akamuuliza baba.

“Anaweza kula.”

“Basi tumeanza pazuri.”

Asubuhi ile nilipewa mpira wa ndani wenye tundu moja. Nikapaka solusheni, ile gundi ya kuzibia, nikabandika kiraka, nikakikandamiza kwa gumba mpaka gumba likafa ganzi. Mzee Kombo akautia upepo, akauzamisha kwenye karai la maji. Povu likapanda pembeni mwa kiraka.

“Huyu maiti wako bado anapumua,” akasema. “Mzike upya.”

Nilimzika mara tano siku ile. Mara ya tano ndipo aliponiambia kosa langu: sikuusugua mpira kwa msasa kabla ya gundi, na gundi haishiki kwenye kitu kinachong’aa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mwanzo. Akasema, “Ningekwambia asubuhi, ungesahau adhuhuri.”

Kwake nilijifunza gololi, zile punje za chuma zinazozunguka ndani ya haabu, kitovu cha gurudumu, na koni zinazozibana. Koni ukiikaza sana gurudumu linakuwa zito, ukiilegeza linacheza. Fundi anaijua kwa kulitikisa gurudumu baina ya vidole viwili. Nilijifunza kunyoosha rimu iliyopinda kwa kukaza spoku, zile nyaya za gurudumu, za upande mmoja robo mzunguko, robo mzunguko, na si kwa kuipiga na jiwe kama walivyofanya wengi. Mzee Kombo hakuwa mtu wa kusifu. Akikubali kazi yako, anaipanda mwenyewe mpaka msikitini na kurudi. Nilipomwona mara ya kwanza anaondoka juu ya baiskeli niliyoifunga mie peke yangu, kanzu inapepea, nilikaa chini.

Baada ya miaka minane alinipeleka Mkoani kwa ndugu yake, Bwana Haji. Huko kazi ilikuwa nyingine, kwa sababu huko adui ni chumvi. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa kisiwa cha Makoongwe wanaovuka na samaki. Baiskeli zao zilisafiri chomboni, zikanyunyiziwa maji ya bahari, kisha zikabeba tenga linalochuruzika. Cheni mpya haikumaliza mfungo mzima kabla ya kutu kuila.

Hapo niweke wazi jambo, kwa sababu kisa chote kiko hapa. Sisi watu wa Pemba tunapaka mafuta ya nazi kila kitu tunachokipenda. Kisu, jembe, kufuli, cherehani, nywele za mtoto. Baiskeli ikikaribia Idi inafutwa na kupakwa mafuta ya nazi kuanzia kengele mpaka madigadi, inang’aa kama bibi harusi. Na si ujinga. Mafuta yanazuia kutu. Bwana Haji mwenyewe alipaka fremu, spoku, stendi, karia. Lakini kuna mahali pamoja alipopakataza.

“Rimu usiiguse,” aliniambia. “Watu wanadhani breki iko mkononi. Breki iko kwenye rimu.”

Baiskeli zetu ni zile za breki za fimbo. Ukivuta mkono, fimbo inanyanyua raba mbili zikabana rimu kwa ndani. Raba na chuma kikavu ndiyo breki yako, hakuna kitu kingine. Tia mafuta baina yao na umebaki na kengele tu. Kila baada ya Idi walikuja watu wawili watatu na magoti yamechubuka, baiskeli zinanukia nazi. Bwana Haji aliwaoshea rimu kwa sabuni na majivu, akawacheka, akawarudisha nyumbani. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba angeweza kufanya hivyo mwenyewe uani kwake.

Kutoka Mkoani nikaajiriwa na mradi wa wahudumu wa afya wa vijiji. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kazi yenye barua. Wahudumu walikuwa wanawake kumi na wawili. Kila mmoja alipewa baiskeli ya kupitia nyumba za wazazi waliojifungua, na mie nilikuwa fundi wa baiskeli zote. Niliwapenda wale kinamama na kazi yao. Bi Time alikuwa mkorofi kuliko wote. Siku ya kwanza alinikuta nimelala chali chini ya baiskeli yake.

“Fundi, unaitengeneza au unainyonyesha?”

Mkuu wa Kituo, Bwana Sefu, alikuwa mtu wa mjini, msafi, msemaji. Sitasema hakujua kazi. Alijua karatasi. Ila hakupenda kusahihishwa, na zaidi hakupenda kusahihishwa na mtu wa darasa la nne.

Wageni wa wafadhili wakaja. Mpango ulikuwa baiskeli zote ziteremke mlima karibu na Pujini kwa mstari, fundi mbele, mpaka uwanja wa skuli. Jana yake nilizikagua zote. Raba mpya, fimbo zimenyooka, breki zinashika. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nikafika nikakuta baiskeli zinang’aa. Bwana Mbwana, karani wa stoo, alikuwa na kopo na kitambaa, amefika kwenye baiskeli ya kumi na moja, na harufu ya nazi imejaa uwanja mzima. Nikapitisha kidole ndani ya rimu. Kikatoka kimelowa.

“Nani kakwambia upake huku?”

“Mkuu kasema zing’ae. Kasema mpaka rimu, maana ndiyo inayozunguka, ndiyo inayoonekana kwenye picha.”

Nikamwendea Bwana Sefu. Nilimwambia kwa adabu, “Mkuu, hizi haziwezi kuteremka mlima. Nipe saa moja nioshe rimu kwa sabuni.”

“Wageni wako njiani.”

“Basi kinamama wasukume, wasipande.”

Akanitazama, akamgeukia Bwana Mbwana na kucheka kidogo. “Fundi wetu anataka wageni waje kuona wanawake wanasukuma baiskeli. Yakhe, weye kaza nati. Mambo ya sherehe tuachie sisi.”

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta. Nilifuta tatu. Mafuta ya nazi hayatoki kwa kitambaa kikavu, yanatandaa tu. Gari ya wageni ikatokea, nikaambiwa niache.

Sasa lipo langu, na sitalificha. Bwana Haji alinifundisha kwamba kabla hujapanda baiskeli yoyote, hata yako, bana breki kisha isukume hatua mbili. Gurudumu likizunguka, usipande. Nilijua. Sikusukuma, kwa sababu niliogopa kuonekana mkaidi mbele ya wageni, na kwa sababu barua ya kazi ndiyo iliyokuwa maisha yangu. Nikapanda, na kinamama wakanifuata wakiniamini; waliokuwa nyuma ya Bi Time waliwahi kuruka chini walipotuona. Hilo nitajibu mie kwa Mola wangu, na Bi Time nimeshamwomba radhi, akanisamehe. Alisema, “Jino lenyewe lilikuwa linauma.”

Lakini hakuna mahali kwenye ripoti palipotajwa mafuta. Bi Time alikwenda ofisini akasema alichokiona. Bwana Sefu akamwambia yeye ni mhudumu, hajui habari za breki. Bwana Mbwana aliulizwa, akatazama sakafu, akatia saini. Barua yangu ya kuachishwa ilinifikia hospitali, na niliisoma nikiwa nimeishika kwa mkono wa kushoto.

Miaka miwili sikugusa spana. Watu wa kijijini walipita na baiskeli zao wakageuza uso, si kwa ubaya, kwa haya tu. Wengine waliamini. Fundi anayesemwa hakukaza breki ni sawa na mpishi anayesemwa hakuosha mikono.

Aliyenitoa ndani ni yule yule Bi Time. Alikuja mchana mmoja anasukuma baiskeli, cheni inaburura.

“Nitengenezee.”

“Kwa mkono gani, Bi Time?”

“Kwa wangu. Weye una mdomo, si mzima?”

Akaketi uani, nikamwelekeza. Alipinda kiungo cha kwanza cha cheni, akanitukana mie na ukoo wa cheni. Alasiri alikuwa ameiunga. Wiki iliyofuata alikuja na mwenzake, kisha mwenzake na shemeji yake. Sasa ni kinamama kumi na tisa, na wanaume watano ambao walianza kwa kusimama mlangoni wakijifanya wanapita. Tunakutana uani kwangu kila Jumamosi. Kila mmoja anatengeneza yake kwa mkono wake, kisha anakwenda kufanya hivyo nyumbani, bila kungoja fundi wa Konde wala wa Chake.

Hawahitaji vitu vingi. Spana mbili, bisibisi, msasa, solusheni, karai la maji, pampu ya kuazimana. Siku ya kwanza simfundishi mtu pancha. Namtaka apake rimu mafuta ya nazi yeye mwenyewe, abane breki, asukume. Anaona gurudumu linavyozunguka huku raba zimeshika hewa. Kisha aoshe kwa sabuni na majivu, asugue kwa msasa, asukume tena. Safari hii baiskeli inamgomea, anakaribia kuiangukia, na wenzake wanacheka. Mtu akishaona hilo kwa mikono yake, huwezi tena kumwandikia ripoti.

Mkono wangu haukupona, ila nimezoea kufundisha kwa maneno, na nimegundua maneno yanakwenda mbali kuliko spana. Juzi nilimkuta mama mmoja nisiyemjua kabisa, njiani Pujini, anaisukuma baiskeli yake hatua mbili, breki imebanwa, kabla ya kupanda. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema, “Ndivyo inavyofanywa.” Nilitembea nikicheka peke yangu mpaka nyumbani.

Basi mwaka huu mradi unarudi. Afisa mpya, kijana msikivu, alikuja uani akatazama Jumamosi nzima, akataka kinamama hawa wawe waangalizi wa baiskeli mpya za wahudumu na mie niwe mwalimu wao. Akarudi ofisini, akafungua jalada langu, akakuta maneno yale matatu. Akaja tena, uso umemshuka. Anasema yeye binafsi ananiamini, lakini hawezi kumweka mtu aliyeandikwa vile, mpaka aliyeandika aseme vinginevyo. Bila hilo baiskeli zitakwenda kwa karani wa stoo, zipakwe atakavyo.

Bwana Sefu amestaafu, yuko Wete, mzima wa afya. Bi Time alimwandikia kwa niaba yangu mara mbili, na mara ya pili alimpelekea mwenyewe mpaka mlangoni. Bwana Sefu aliipokea, akasema ataitazama. Bwana Mbwana naye yupo, tunaonana kwenye mazishi, ananisalimu haraka.

Kwa hiyo nasema hapa mbele ya wasomaji. Bwana Sefu, sitaki fidia, na vidole sikudai, havirudi. Njoo uani kwangu Jumamosi yoyote, baada ya alasiri, na Bwana Mbwana mfuatane naye. Kiti kipo, chai ipo, utakaribishwa kwa heshima ya umri wako. Watakuwepo kinamama kumi na tisa wenye grisi mikononi, na kila mmoja wao anajua breki ya fimbo inashika nini. Yule uliyemwambia hajui habari za breki atakuwa ameketi mbele. Shika baiskeli moja, paka rimu kama ulivyoagiza siku ile, bana, sukuma. Kisha utwambie sote, kwa mdomo wako: ni nani ambaye hakukaza breki?